Waziri Mkuu Aliyekaliwa

Desmond Oakes alikuwa ameikalia bahasha, wala hakuwa na nia ya kuinuka.

Ndani ya bahasha hiyo mlikuwa na waziri mkuu ajaye wa Uingereza, au angalau kipande chake kidogo: karatasi ya kura ambayo chama tawala kilimtumia kila mwanachama, ili apatikane mrithi wa kiongozi aliyeangushwa na wabunge wake mwenyewe mwezi uliopita. Posta ya mwisho ilikuwa ikichukuliwa saa sita mchana. Sasa ilikuwa saa sita kasorobo.

Clement Thirkell, mwenye karatasi, alisimama mbele ya kitanda cha mwenzake akijitahidi kuonekana mtu wa heshima, jambo gumu kwa mzee wa miaka sabini na mitatu aliyevaa soksi bila viatu. Kwa miaka miwili wawili hao walikuwa wamelala chumba kimoja, wakivumiliana mikoromo, wakila viazi vya kupondwa saa tano na nusu kwa kuwa ndivyo jikoni walivyopenda, na kuzunguka uani pamoja mvua isiponyesha. Katika muda wote huo hakuna aliyemuuliza Clement maoni yake juu ya jambo lolote, hata juu ya viazi. Kisha ikaja barua: “Mwanachama mpendwa, hatima ya taifa imo mikononi mwako.” Ada yake ilikuwa bado ikikatwa benki kila Julai, na chama hakimsahau anayelipa. Aliisoma mara nne. Ilikuwa ndiyo kura pekee aliyobakiwa nayo.

“Andika ‘Uchaguzi mkuu sasa’ katikati ya karatasi, kwa herufi kubwa,” alisema Desmond, “nami nitainuka.”

“Hiyo itakuwa kura iliyoharibika.”

“Imeharibika tangu ilipopigwa chapa, mzee. Watu milioni sitini na ushei tunachaguliwa mkuu na wanachama wanaoenea viwanja viwili vya mpira.”

Clement alimweleza, kwa upole wa mwalimu aliyekwisha kata tamaa, kwamba katika nchi hii raia hawamchagui waziri mkuu. Humchagua mbunge, na chama chenye wabunge wengi humweka kimtakaye. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mababu. Kiongozi akibadilika, bunge halijabadilika. Kwa nini basi taifa zima liburutwe vituoni kwenye mvua?

Desmond alimsikiliza hadi mwisho.

“Sawa. Na wewe ni mbunge wa wapi?”

Clement aliinama akavuta juu soksi iliyoteremka.

Desmond akataka angalau kujua nani anapigiwa kura hiyo. Clement hakuficha. Alikuwa amemchagua Piers Garforth, aliyeahidi kuwabana wahalifu bila huruma, kwa sababu nchi ilikuwa imelegea mno. Mpinzani wake, Lavinia Stroud, alikuwa akizungumzia kumpa kila mtu nafasi ya pili, maneno ambayo Clement aliyaona ya kitoto. Desmond alicheka mpaka akapaliwa, kitanda kizima kikatikisika, lakini bahasha haikuchungulia.

Zikabaki dakika tano. Kutoka mwisho wa korido zilisikika hatua za Bi Okell, ambaye alikusanya barua chumba kwa chumba na hakuwa na desturi ya kupita mara mbili. Clement alisihi. Akataja sheria inayolinda barua za watu. Akamwita Desmond adui wa demokrasia. Yote yaliposhindwa, alifanya alichozoea kufanya maishani kila hoja zilipomwishia: aliuliza bei.

“Unataka nini?”

“Nataka haki ya wananchi.” Desmond akajiweka sawa juu ya bahasha. “Na keki yako ya mvuke ya Jumapili. Pamoja na kastadi.”

“Jumapili moja.”

“Tatu.”

“Mbili, na kastadi yote.”

Desmond akainuka upande mmoja. Hivyo ndivyo dai la uchaguzi mkuu lilivyozimika katika chumba cha kumi na tisa, kwa sahani mbili za keki, na Clement hakuona ajabu yoyote, kwani hakuwahi kukutana na msimamo usiopenda kitu kitamu.

Bahasha ilitoka ikiwa imekunjamana na ya uvuguvugu. Clement alikuwa akiinyoosha kwa kiganja Bi Okell alipoingia, akaipokea na kusoma anwani.

“Kumbe ndiyo hii,” alisema. “Mimi na mume wangu hatujakosa uchaguzi hata mmoja tangu tulipofikisha miaka kumi na minane. Hili la sasa, hakuna aliyetuuliza.”

Alisema bila kinyongo, kama mtu anayesimulia mvua ya jana.

“Ndivyo utaratibu wetu ulivyo, Bi,” Clement alimliwaza. “Si kila jambo la kuulizwa kila mtu.”

Bi Okell aliigeuza bahasha, akatazama nyuma yake, kisha akatupa jicho chini ya mto na chini ya kitanda.

“Moja tu safari hii, Bwana Thirkell?”

“Moja tu, Bi.”

Alipotoka, aliuvuta mlango wa chuma na kugeuza ufunguo mara mbili, kama alivyofanya kila siku tangu hakimu alipompa Clement miaka mitano kwa kughushi kura mia mbili na kumi za posta.