Humagne ya Mzazi

Prosper Crettaz, kapera asiyetembelewa hata na paka, aliingia kwenye kilabu cha mvinyo cha Léontine akiwa amevaa suti, akaomba chupa moja ya humagne nyeupe.

Karata zikasimama mikononi mwa wanaume. Pale kijijini, milimani Valais, mwenye kiu huagiza fendant, mvinyo wa kila siku. Humagne nyeupe ni ya mzazi: mwanamke akijifungua tu, hupelekewa chupa yake arudishe nguvu.

"Nani kajifungua kwako, Prosper?" Léontine akauliza. "Mbuzi?"

Wanaume wakacheka. Prosper hakucheka. Alieleza kwamba siku zote hukamua ya kwake mwenyewe, ila baridi ya Aprili imemuulia mizabibu yote.

Léontine alikuwa amebakiwa na chupa moja, na mkwewe alikuwa mjamzito. Hakuwa tayari kuitoa kwa maneno matupu.

"Mtoto gani?"

"Wa kiume."

"Kafanana na nani?"

"Watu wanasema mama yake." Prosper aliinamia kofia aliyoishika. "Nipe, Léontine. Yule mama hana mwingine wa kumpelekea. Nikirudi mikono mitupu, kakosa haki yake."

Wakamwamini. Wanaume waliozoea kumpita njiani bila salamu waliinuka, wakagonganisha naye glasi wakimtazama machoni, wakamwita mjanja, kimya kimya kumbe ana yake. Walimpa mkono mmoja mmoja. Mkono wake ulipata joto, na hilo lilimuuma, kwani alitamani yote yawe kweli.

Léontine alimkabidhi chupa na kukataa pesa yake. Akamwagiza Jumapili awalete mama na mtoto, wote wawaone. Prosper aliitikia kwa kichwa, akatoka upesi kabla uso haujamsaliti.

Nje theluji ilikuwa inaanguka. Alipanda njia ya kanisani, akazipita nyumba zenye taa na harufu ya jibini ya moto, nyumba ambazo hakuna hata moja iliyokuwa inamsubiri. Alizunguka nyuma ya kanisa, akapiga magoti na suti yake, akaufuta theluji msalaba wa kaburi la Josephine Crettaz, aliyekufa akiwa na miaka kumi na tisa. Kisha akazibua chupa, akaimimina yote taratibu juu ya udongo.

"Pole na uzazi, mama," alisema. "Mwanao katimiza sabini leo."