Uzi wa Njano

Mashine ile haikuzimwa kutwa nzima, maana ikisimama kidogo tu gundi hugandia ndani ya kalibu. Upande mmoja Zuberi aliingiza nyuzi za kioo zilizoloweshwa gundi, zipite katika tundu la kalibu na kuwa ufito. Upande wa pili mkewe, Mwajabu, aliukata ufito huo ulipotoka polepole, mgumu, bado una vuguvugu. Bunda la nyuzi likiisha, Zuberi aliunga jingine na kupenyeza uzi wa rangi, ili Mwajabu akiuona akate kipande chenye fundo na kukitupa.

Tangu wamzike mtoto wao, miezi miwili sasa, Zuberi hakuwahi kulitaja jina lake. Majirani nao waliacha kumwita Mwajabu kwa jina la mtoto. Alirudi kuwa Mwajabu tu, kama msichana.

Siku hiyo, badala ya uzi mwekundu wa kila siku, ndani ya ufito uling'aa uzi wa njano. Mwajabu aliinama. Sufu ile aliijua. Ndiyo aliyofumia kofia ya mtoto, kofia aliyodhani imo kabatini.

Akainua macho. Kule mwisho wa mashine Zuberi alisimama, kofia kaikumbatia kifuani, ukingo wake umefumuka.

"Mama Tausi!" aliita, sauti ikipasuka juu ya kelele. "Mama Tausi, umeuona?"

"Nimeuona, Baba Tausi."

Msumeno ulikuwa mkononi mwake. Mwajabu aliuweka chini, akaushika ufito kwa viganja viwili, ukampita taratibu, ukarefuka kuelekea mlangoni.