Utungo Mfupi wa Korongo

Mwaka ule mto ulikauka, na Ngiri akawa anachimba kisima mchangani kutwa ili wanawe wapate maji. Desturi ya pale kisimani ilikuwa mgeni anywe kwanza, na Korongo mshairi alikuwa mgeni kila asubuhi. Akishakunywa, hupanda ukingoni na kughani: "Ewe kiu, mama wa sanaa! Bila wewe ningetunga nini?" Wanawe Ngiri wakabaki kulamba matope.

"Bwana Korongo," Ngiri akasema siku moja, "tumeona maji yanakuharibia kazi. Kuanzia leo utakunywa mwisho."

"Dada, yale ni maneno ya kisanii tu!"

"Basi sanaa yako ndiyo tunayoilinda."

Watoto wakanywa mpaka wakatosheka. Jua lilipokuwa kali, Korongo akapanda ukingoni kughani, beti zote zikakwama kooni. Likatoka neno moja tu, tena kwa kukwaruza: "Maji."

Ngiri, aliyechoka hata kucheka, akamsogezea kata. "Huo ndio utungo wako bora kuliko zote. Kunywa, halafu shuka uchimbe."