Nasaba ya Pimbi

Zamani, majabali yalipokuwa na milango, Pimbi aitwaye Sembuli alilinda mlango wa jabali lao. Alijua majina ya wote waliozaliwa humo. Asubuhi moja akafika Kindi na wanawe wawili, manyoya yao yakinuka moshi.

"Kwenu wapi?"

"Mvule wa Bondeni, mzee wangu. Umeungua."

"Mti usiokuwapo si kwao mtu. Rudini."

Kanga, mjumbe wa majabali jirani, akadakia: "We Sembuli! Tulikubaliana sote, anayekimbia moto harudishwi motoni."

"Makubaliano hayana jina la huyu."

Kindi akainama. "Tutakwenda. Lakini kwetu mwenyeji hujitaja kwa nasaba, nami sijui naagana na mwana wa nani."

Sembuli hakuwahi kukosea nasaba. Akavuta pumzi: "Mimi Sembuli, mwana wa Kilalo, mwana wa Perere, aliyekuja hapa mbio siku ulipoungua Mkuyu wa..."

Kanga akatazama pembeni.

Sembuli akaondoka mlangoni, akapapasa jiwe lililopata jua. "Walaze hapa, mwanangu, pana joto. Hapa ndipo alipolazwa Perere siku alipofika. Sasa nitajie majina yao, polepole, nisikosee."