Majina Kwenye Vibao

Dawa ile haikutolewa kwa mtu kabla ya kujaribiwa kwenye vishada vya seli zake, vilivyokuzwa katika kibao cha kioo chenye mifereji myembamba kama unywele. Vishada vikifa, dawa ingemuua na mwenyewe.

“Vya mdogo wako Saumu vimepona,” daktari alimwambia Mwanakheri. “Vyako vimekufa. Pole sana.”

Nje, mama yao alishindwa kumtazama usoni. “Nilipoona vyake vinakufa, nilibadilisha majina kwenye vibao, mwanangu, nikidhani ni njia tu ya kuchagua wa kupewa. Mnaumwa wote wawili, dozi ni moja tu, na Saumu ana watoto.”

“Kwa hiyo vilivyopona ni vyangu?”

“Nisamehe.”

“Na vilivyokufa ni vya Saumu. Mama, dawa hiyo itamuua!”

Miguu ya mama ikakataa kumbeba. “Kimbia, Mwanakheri! Wameshamwita ndani!”

Mwanakheri aliinuka, akaelekea chumba cha sindano. Hakukimbia; mama alikuwa ameshachagua.