Bastola ya Bei ya Kuku

Fundi Mbwambo alichora bastola ndogo ya kufunguka katikati kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Kila alipofuta kipande, bei ilishuka.

"Imefika bei ya kuku wawili," alimwambia mkewe huku akichekelea.

"Baba Nakiete, kwa bei hiyo nani atashindwa kununua?"

"Ndiyo raha yake, mama."

Mara akaingia jirani yao Senkoro, waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba hata wakaacha kusalimiana. Leo alisalimia, tena kwa heshima.

"Nasikia kuna kitu cha bei nafuu. Cha kwanza kiwe changu, fundi."

Fundi hakuwahi kumuuliza mteja chombo ni cha kazi gani. Akachukua uzi anaopimia mipini ya majembe. Senkoro akakunjua kiganja, na fundi akakipima, kisha akakipima tena.