Fundi Apiga Hodi

"Mama, wewe kaa jikoni, mimi nigonge nikiwa nje," fundi seremala alisema. "Mbao ya mlango huu ni nene. Tujue kama sauti inafika."

Nesi mstaafu akaenda kusimama jikoni. Mlango wake wa zamani ulikuwa umeliwa na mchwa, na wanawe, wote wakaao mbali, walikuwa wamemchagulia huu mpya kwenye simu.

Ngo, ngo, ngo.

"Hodi hapa!"

Hakuna aliyembishia hodi tangu waombolezaji wa mumewe watawanyike, miezi minane iliyopita. Alijikuta anafuta mikono iliyokuwa mikavu na kukaza kitambaa cha kichwani.

"Mama, umesikia?"

Alikuwa amesikia vizuri sana. Akangoja agonge tena.

Fundi akagonga tena, kwa nguvu zaidi. "Hodi wenyewe!"

"Karibu!" aliitikia. "Karibu ndani!"

Fundi akaingia akitabasamu. "Basi kazi imekwisha, mama."

"Bado. Mlango unakwaruza chini."

Fundi akapiga magoti, akaufungua na kuufunga mlango mara tatu. Ulikwenda kimyakimya, haukugusa hata vumbi la sakafuni. Akainua uso kumweleza, akamkuta nesi anatazama pembeni, vidole vikisokota ncha ya kitambaa.

"Kweli, unakwaruza," fundi alisema taratibu. "Na randa ya kupunguzia mbao nimeiacha karakana."

Akasimama, na kwa mguu akausukuma nyuma yake mkoba wake wa vifaa, wenye randa ndani.

"Nije kesho saa ngapi, mama?"